Kiangazi cha Dodoma: kukarabati nyumba na kulima mboga uani kwa tangi moja la maji

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mwaka wa kawaida haipiti sana milimita 600. Kinachofuata ni miezi saba ya ukavu: Juni na Julai usiku wa baridi, Agosti upepo na vumbi, Oktoba jua la kuchoma. Hicho ndicho kipindi cha kufungua bati, kubomoa lipu iliyooza na kupaka rangi. Ni kipindi kizuri cha mboga pia, kwa sababu magonjwa ya ukungu yanayomaliza nyanya wakati wa mvua hupungua sana hewa ikikauka.

Tatizo ni kwamba kazi zote mbili zinakunywa tangi moja. Lipu mpya inataka kumwagiliwa wiki nzima, mchicha unataka maji kila siku, na bomba katika mitaa mingi linatoka kwa mgao. Anayeanzisha yote kwa pamoja mwezi Agosti huishia na ukuta wenye nyufa na mboga iliyonyauka. Mwongozo huu unazipanga kazi hizo kwa zamu, kuanzia mwisho wa Mei hadi mvua ya kwanza, kwa nyumba ya kawaida ya matofali yenye paa la bati la kama mita za mraba 100 na ua unaotosha vitanda vinne vya mboga.

Anza na hesabu ya maji

Mita moja ya mraba ya mboga inahitaji kama lita 4 kwa siku Juni na Julai, na kama lita 6 Septemba na Oktoba joto likipanda. Vitanda vinne vya mita 1 kwa mita 5 ni mita za mraba 20. Hizo ni lita 80 kwa siku wakati wa baridi na lita 120 wakati wa joto, yaani ndoo nne hadi sita za lita 20.

Ukuta wa mita za mraba 20 uliopigwa lipu mpya, kwa jua na upepo wa huku, utengee lita 100 kwa siku kwa siku saba. Ukuta mmoja, basi, unakula maji ya bustani nzima.

Sasa chukua tangi la lita 1,000 linalojazwa mara mbili kwa wiki. Una lita 2,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 30 kila mtu kwa siku inamaliza lita 1,050. Zinabaki lita 950, kama lita 135 kwa siku. Zinatosha lipu au bustani, hazitoshi vyote viwili. Ndiyo maana lipu inapigwa Juni, miche ikiwa bado kitaluni ambako nusu ndoo kwa siku inatosha. Mafundi wakiondoka, maji yanahamia vitandani.

Kuna suala la chumvi pia. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi. Ukiona udongo ukikauka unabaki na unga mweupe juu, chumvi imeshaanza kujilundika. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema. Spinachi na nyanya huvumilia zaidi. Kama kisima ndicho unachotegemea, mwagilia kwenye shina badala ya majani, ongeza samadi kuliko kawaida, na kila baada ya wiki mbili mwaga maji mara mbili ya kipimo ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kitaluni tumia maji ya bomba. Zege lenye nondo nalo lipewe maji ya bomba, kwa sababu chumvi inaila nondo ndani kwa ndani.

Mwisho wa Mei: kagua nyumba kabla ya kumwita fundi

Tenga asubuhi moja, chukua chaki na daftari.

Ingia darini mchana huku milango imefungwa. Kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Chora duara kwenye papi (ubao unaopigiliwa bati) iliyo karibu. Gusa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na papi kwa ncha ya bisibisi: mbao nzima inakataa, iliyoliwa na mchwa inazama kama mkate.

Zunguka kuta ukigonga kwa mpini wa nyundo. Lipu iliyoshika inatoa mlio mzito, iliyoachana na tofali inalia kama debe tupu. Zungushia chaki sehemu zote zinazolia, maana hizo zitabomolewa hata kama rangi yake bado inapendeza. Kupiga lipu mpya juu ya lipu iliyoachia ni kutupa saruji.

Kisha tazama nyufa. Ufa mwembamba kama unywele, unaotawanyika kama utando wa buibui, ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda juu na kuonekana pande zote mbili za ukuta, unatoka kwenye msingi. Maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga ndiko nyufa hizi zilikojaa, kwa kuwa udongo ule huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na nyumba inainuka na kushuka nao. Bandika tone la jasi juu ya ufa, andika tarehe kando yake, uache wiki sita; ukuta wenye ufa huo usubiri lipu hadi hapo. Jasi ikipasuka, ufa bado unatembea, na hapo muite fundi anayejua misingi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Na hapa ndipo bustani inapogusa nyumba moja kwa moja. Kitanda cha mboga kilichoegemezwa ukutani kinalowesha udongo wa kona moja ya msingi huku kona nyingine ikiwa kavu kabisa. Upande mmoja unavimba, mwingine unasinyaa, ukuta unapasuka. Weka vitanda angalau mita 3 kutoka kwenye nyumba. Utashukuru tena tutakapofika kwenye mchwa.

Kama unataka kuongeza chumba, kubadili ramani au kuondoa ukuta unaobeba paa, nenda kwanza halmashauri ya jiji kuomba kibali. Na kama paa lako la zamani ni la vigae vya asbesto, usivitoboe, usivikate wala kuvipiga brashi. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Juni, wiki ya kwanza: bati

Paa hutangulia lipu, kwa sababu kila hatua ya fundi juu huangusha vumbi na vipande chini. Kazi ifanyike saa 12 asubuhi hadi saa 4, kabla bati halijapata moto wala upepo haujaamka. Fundi akanyage palipo na papi, kwenye mstari wa misumari, au atembee juu ya ubao.

Msumari wa bati unakaa kwenye mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, hata ukiwa na mpira mpya, utavuja, maana maji yote yanapita hapo. Misumari iliyolegea usiigongomee tena kwenye tundu lile lile. Ing'oe, weka mrefu zaidi wenye mpira, ziba tundu la zamani kwa gundi ya bati. Bati jipya lilalie jirani yake migongo miwili kwa ubavu na sentimita 15 hadi 20 kwa urefu, na ubavu unaolala juu uelekee upande ambao upepo hautoki. Dodoma upepo mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo fundi aanze kuezeka kutoka magharibi.

Fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) iliyooza ibadilishwe sasa hivi. Novemba itabeba gata lililojaa maji.

Juni, wiki ya pili na ya tatu: nyufa na lipu

Kosa kubwa la lipu ya Dodoma ni kukauka haraka. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kushika maji. Yakinyonywa na tofali kavu upande mmoja na upepo upande mwingine, unabaki na mchanga uliogandana kidogo, unaopukutika ukipitisha kucha.

Mchanga kwanza. Mchanga wa makorongo mara nyingi una udongo ndani yake. Chukua chupa ya plastiki iliyo wazi, weka mchanga hadi sentimita 10, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa moja. Tope litakalotulia juu ya mchanga likizidi sentimita 1, mrudishe dereva na mzigo wake au uuoshe mchanga kabla ya kuutumia. Tope nyingi ni sababu kubwa ya nyufa za nywele, na fundi atailaumu saruji.

Kipimo: mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa lipu ya nje ya moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne), mfuko mmoja unachukua ndoo 7 za lita 20 za mchanga uliochekechwa. Kwa ndani, moja kwa tano, ni karibu ndoo 9. Ndoo zisawazishwe mdomoni. Mabeleshi hayana kipimo, la kwanza asubuhi hubeba mara mbili ya la mwisho jioni. Mfuko wa moja kwa nne ukipigwa unene wa milimita 15 unafunika kama mita za mraba 7 hadi 8. Kwa hiyo ukuta wa mita 20 nunua mifuko mitatu.

Kazi yenyewe:

1. Bomoa lipu yote iliyoalamishwa hadi tofali. Kwangua viungo vya matofali kwa kina cha sentimita 1 ili lipu ipate pa kushika. Futa vumbi kwa ufagio mkavu.

2. Nyufa zilizotulia zichimbe kwa umbo la V, upana sentimita 2. Lowesha, jaza udongo wa saruji (saruji na mchanga uliokorogwa) wa moja kwa nne, kisha pigilia wavu wa kuku unaovuka ufa sentimita 15 kila upande. Lipu itapita juu ya wavu.

3. Jioni kabla ya kazi, lowesha ukuta mpaka uache kunywa. Asubuhi ulowe tena kidogo. Uwe na unyevu bila kutiririka.

4. Rusha kwanza tabaka jembamba la saruji na mchanga, moja kwa tatu, lenye maji mengi, ukiliacha likwaruze. Tofali za kuchoma zilizo laini mno hazishiki lipu bila hili.

5. Siku inayofuata piga lipu yenyewe, ukianzia ukuta ulio kivulini. Mashariki ipigwe mchana, magharibi ipigwe asubuhi. Changanya kinachoweza kuisha ndani ya saa moja. Udongo wa saruji ulioanza kuganda usiongezewe maji, umwage.

6. Lipu ikishakamata, kwa kawaida jioni ile ile, tundika magunia au turubai mbele ya ukuta. Kuanzia kesho yake nyunyiza mara tatu kwa siku, siku saba. Nyunyiza kwa keni au mpira wenye tundu ndogo, usirushe kwa ndoo. Magunia yaliyolowa yanaokoa maji mengi. Huu ndio uwekezaji mdogo wenye faida kubwa kuliko wowote katika kazi hii.

Toroli na miko ioshwe sehemu moja, mbali na mahali vitanda vitakapokaa. Maji ya saruji ni makali, yanachoma mizizi na kuufanya udongo ugande. Vifusi vya lipu vina kazi nzuri kwenye njia za kupita katikati ya vitanda, si ndani yake.

Wakati lipu inalowa: kitalu

Atika mbegu wiki ya kwanza ya Juni. Unahitaji mita moja ya mraba tu, yenye kivuli cha mchana, iliyoinuliwa sentimita 10 na kufunikwa neti nyepesi. Neti haina mjadala kwa nyanya. Nzi weupe wakigusa miche michanga wanaiachia virusi vya rasta: majani yanajikunja, yanakuwa madogo na ya njano, mche unadumaa, na hakuna dawa inayourudisha.

Changanya udongo wa juu ndoo mbili, samadi iliyooza ndoo moja, mchanga ndoo moja. Chora mistari ya kina cha sentimita 1, kila mstari sentimita 10 kutoka mwenzake, panda nyanya, sukuma wiki na chainizi. Funika nyasi kavu hadi mbegu zichomoze, uziondoe siku hiyo hiyo jioni. Tanya na Tengeru 97 ni nyanya zinazovumilia na ngozi yake ni ngumu kiasi. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na tarehe isiyopita. Baridi ya Juni itachelewesha nyanya: tarajia wiki nne hadi tano, badala ya tatu. Wiki ya mwisho punguza maji na ufungue neti saa chache asubuhi ili miche ikomae.

Vitanda vya kuzama

Watu wengi wanainua matuta kwa sababu ndivyo walivyoona mashambani wakati wa masika. Kiangazi cha Dodoma kinataka kinyume chake. Tuta lililoinuka linapigwa na upepo pande tatu na maji yanakimbilia njiani. Kitanda kilichozama kinashika maji yote na kivuli kidogo cha kingo zake.

Pima mita 1 kwa mita 5. Toa udongo wa juu wa sentimita 20 uweke kushoto, kisha sentimita 15 zinazofuata uweke kulia. Tifua sakafu kwa jembe bila kuitoa. Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na samadi iliyooza ndoo moja kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo tano kwa kitanda. Udongo wa kulia ujenge kingo. Mwishoni uso wa kitanda uwe sentimita 10 chini ya njia, umesawazishwa kwa ubao na pima maji, kwani mteremko hata mdogo unapeleka maji yote kona moja.

Samadi ya ng'ombe na mbuzi haina shida kupatikana, tatizo ni ubichi. Ingiza mkono katikati ya rundo. Kama ni ya joto, au inanuka mkojo, bado. Ilowe, ifunike nailoni, uigeuze kila wiki. Itachukua miezi miwili. Ndiyo maana rundo linatakiwa kuwepo uani tangu Aprili.

Mwanzoni mwa Julai hamisha miche jioni. Kitanda cha kwanza nyanya: mistari miwili yenye sentimita 60 kati yake, mche kila sentimita 50, jumla 20. Zika shina hadi karibu na majani ya kwanza, litaota mizizi zaidi. Cha pili sukuma wiki, kila sentimita 45. Cha tatu nusu chainizi, kila sentimita 30, na nusu mchicha. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu ndipo usie, na usie kipande kidogo kila wiki mbili ili usivune wote siku moja. Cha nne panda matembele, vipande vya shina vya sentimita 30, theluthi mbili zikiwa ardhini, ukiacha nafasi ya bamia za Agosti. Bamia hazipendi baridi: loweka mbegu usiku mmoja, panda baridi ikishavunjika, vuna kila baada ya siku mbili, kwani bamia likiachwa hadi siku ya tatu linakuwa gogo.

Tandaza mabua ya mtama au nyasi kavu unene wa kidole kirefu, ukiacha sentimita 10 wazi kuzunguka kila shina. Upande wa mashariki simamisha uzio wa mabua usiobana sana. Uzio mzito kama ukuta unaurusha upepo juu na kuuangusha katikati ya mboga.

Kumwagilia, na vyungu vya kuzika

Mwagilia saa 12 asubuhi. Kabla ya kumwaga, chimba kwa kidole hadi kiungo cha pili, kamata udongo, ubane kiganjani. Ukishikana na kuacha unyevu kwenye ngozi, subiri kesho. Ukivunjika kama sukari, mwaga. Nyanya hasa zinataka kipimo kile kile kila mara. Zikikauka siku tatu kisha zikafurikishwa, matunda hupasuka au kitako chake huwa cheusi na kubonyea. Wengi hununua dawa ya ukungu kwa kitako hicho, lakini chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakatika.

Kwa anayesafiri, au ambaye mgao unamchelewesha, chungu cha kuzika kinasaidia kuliko mpira. Kinatakiwa chungu cha udongo cha lita 5 kisichopakwa rangi wala mng'ao. Kijaribu: kijaze maji, kiweke kivulini, baada ya saa chache ngozi yake ya nje inapaswa kutoa jasho kila mahali. Kisichotoa jasho hakifai, na kinachodondosha kimepasuka. Kizike hadi shingoni, panda miche minne sentimita 20 kutoka ukingoni, jaza, funika na kifuniko ili mbu wasizae. Udongo mkavu unavuta maji kadiri unavyohitaji. Unaongeza kila siku mbili au tatu. Kwa maji ya chumvi vitundu huziba baada ya msimu mmoja: ngozi inakuwa na ganda jeupe na kiwango cha maji hakishuki. Kizibue kwa kukiloweka kwenye maji safi na kukisugua kwa brashi ngumu, la sivyo nunua kingine.

Maji ya kusuuza nguo yanafaa kwa mpapai na mgomba, si kwa mboga za majani. Ya kwanza, yenye sabuni ya unga, yaende chooni. Yanaongeza chumvi kwenye udongo ambao tayari unayo.

Wadudu wa ukavu

Vumbi la Agosti huleta utitiri mwekundu. Majani ya nyanya yanakuwa na vidoa vya shaba na utando mwembamba chini yake. Osha chini ya majani kwa maji asubuhi, siku tatu mfululizo. Utitiri hauwezi maji.

Kantangaze, funza wa nyanya, hutoboa vichochoro vyeupe ndani ya jani na matundu madogo karibu na kikonyo cha tunda. Chuma kila jani lenye vichochoro, funga kwenye mfuko mweusi, uache juani siku kadhaa. Ukilitupa kando ya kitanda, funza anarudi.

Wadudu mafuta kwenye sukuma wiki wanaondoka kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ikipulizwa jioni. Mwarobaini umejaa Dodoma: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu zilizokauka, loweka katika lita moja usiku kucha, chuja kwa kitambaa, pulizia jua likizama kwani mwanga wa jua unaiua nguvu yake. Ukilazimika kutumia kiuatilifu cha dukani, kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

Mwisho wa Julai: rangi

Lipu ipumzike siku 28 kabla ya rangi. Ikipakwa mapema, chokaa iliyomo inavimbisha rangi na kuibandua kama maganda. Ukimaliza lipu katikati ya Juni, wiki ya tatu ya Julai ni wakati wake, kabla upepo wa Agosti haujabandika vumbi kwenye rangi mbichi. Futa ukuta kwa kitambaa chenye unyevu, paka rangi ya msingi, kisha tabaka mbili. Mbao za zamani zenye rangi ya miaka mingi huenda zina risasi. Zipige msasa zikiwa zimelowa, kusanya makombo yote kwenye nailoni, yasifike kamwe bustanini wala watoto wanapochezea.

Septemba: mchwa, kisha aproni

Fuata utaratibu huo, kwani ukishamwaga zege la aproni, ule ukanda unaozunguka msingi, hutaufikia udongo tena. Vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda msingi ndiyo njia ya mchwa. Kuvifuta tu hakusaidii, wanajenga upya usiku. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, upana sentimita 30 na kina sentimita 30. Mwaga dawa ya mchwa iliyochanganywa kama lebo inavyosema, kama lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mtaro, na mwagia pia udongo unaourudisha. Hapa ndipo zile mita 3 kati ya msingi na mboga zinapolipa: dawa hii inakaa ardhini miaka. Matandazo na rundo la kuni pia yasikaribie ukuta.

Aproni iwe na upana wa sentimita 60 hadi 90 na unene wa sentimita 7.5, juu ya moramu iliyoshindiliwa. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linatosha. Mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita kutoka ukutani, na uache kiungo kila mita 2. Zege lisilo na viungo litajichagulia pa kupasuka. Ikishaganda, funika mchanga uliolowa na nailoni juu yake kwa siku saba. Nyanya sasa zinakunywa kwa kiwango cha juu, na nailoni hiyo ndiyo inayofanya maji yatoshe.

Oktoba na Novemba: gata na tangi

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, ukipoteza sehemu moja ya tano, linakupa lita 44,000 kwa mwaka wa milimita 550. Mvua moja ya milimita 20 inajaza lita 1,600.

Gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye bomba, na vishikizo viwe kila sentimita 60. Pima kwa kamba na pima maji; macho hudanganywa na fisha bodi iliyopinda. Bomba la kushuka liwe la inchi 3 au 4. Kabla ya tangi weka bomba la wima la kukamata maji machafu ya mwanzo. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 3 ni lita 24, zinazotosha kuosha upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 50. Kifuniko chake cha chini kitobolewe tundu la milimita 3, lijimwage lenyewe baada ya mvua.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Likae juu ya zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma, pana kuliko tangi kwa sentimita 15 kila upande, lililo sawa kabisa. Kokoto moja iliyosahauliwa chini yake inatosha kulipasua.

Mashimo ya miti ya kivuli nayo yachimbwe sasa, sentimita 60 kila upande, upande wa magharibi unakoingilia jua la jioni, mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Jaza udongo na samadi, usipande bado.

Mvua ya kwanza ikianza, vaa koti utoke na tochi. Angalia maji yanaporuka gata, yanaposimama, yanapotiririka nyuma ya fisha bodi. Weka alama ya chaki kila mahali, maana kesho kutakuwa kukavu na hutaona kitu. Kisha fungua kifuniko cha bomba la wima, uangalie rangi ya maji yanayotoka: yakiwa mekundu ya vumbi la miezi saba, kifaa kinafanya kazi, na yanayoingia tangini ni masafi.